Mashemasi Wanne wa Rigobert

Kanisani kwetu wakimtaja Rigobert wanasema ni mtu wa watu, na mimi sibishi. Kama una gari lililochoka hapa Brussels na kesho unatakiwa kulipeleka contrôle, kule magari yote yanakopimwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea kutembea barabarani, Rigobert atakuja na sanduku lake la spana hata mvua ikinyesha. Atalala chini ya gari lako kwenye maji. Ukimpa chochote atakataa, atakunywa chai tu. Nilikuwa mke wake. Nimefua nguo zake zenye oili, wema wake naujua kuliko wao. Lakini kuna neno aliniahidi kwamba atalisema mbele ya mama yake, na miaka ikapita nikilingoja. Mengine ya maisha yake wanayasimulia wao. Mimi nitasimulia hilo.

Sisi ni watu wa Uvira, Kongo. Yeye alisoma shule ya ufundi. Mimi sikusoma, nyumbani kwetu madaftari yalikuwa ya kaka zangu. Kuandika nimejifunzia hapa, ukubwani, katika darasa la akina mama pale Schaerbeek. Vita vilitutoa kwetu, tukavuka ziwa, tukakaa kambini Tanzania, na huko kambini nikamzaa Précieuse. Sikupata mwingine. Tulipofika Ubelgiji alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia. Rigobert akapata kazi Anderlecht, kwenye yadi ya magari ya mtumba yanayopelekwa Afrika. Mimi nikapata kazi ya usafi katika nyumba ya wazee, mbali, ng'ambo ya msitu wa Soignes, ambako basi la asubuhi halifiki kwa wakati. Ndipo Rigobert akasema nijifunze kuendesha.

“Mie?” nikamwambia. “Hata mashine ya kushona sijawahi kugusa.”

“Gari iko kama mutoto, Mama Précieuse. Kama inagonjwa, itakuambia yenyewe.”

Aliyenifundisha alama za barabara ni Précieuse. Alizikata kwenye karatasi ngumu, akazipaka rangi, na jioni nikimenya viazi ananionyesha moja moja. Nikikosea alama ya baiskeli anapiga meza. “Maman! Umegonga papa wa vélo! Ana batoto tano!” Tunacheka mpaka jirani Mturuki anagonga ukuta. Mtihani nilifanya kwa mkalimani, nikaanguka, nikarudia, nikapita. Siku niliyopata leseni Rigobert alininunulia kuku wa kuchoma pale Matonge, mtaa wa Wakongo, na mama yake, Maman Zaituni, akasema mbele yangu, “Mwanamuke na usukani, mwanangu? Haya. Mie macho yangu tu.”

Sasa niwaeleze mashemasi wanne.

Kanisa letu lilikuwa limekodi ukumbi juu ya ghala moja Anderlecht, na chini yake kuna chumba cha kuhifadhia vitu. Humo Rigobert aliweka tairi nne, sisi tunaita mipira, nzuri sana, zikiwa kwenye rimu zake. Ndugu akiwa na contrôle, na mipira yake imelika mpaka imekuwa laini kama kisogo cha mzee, Rigobert anamfungia hizo nne. Anakwenda, anapita, anapewa karatasi ya kijani. Akirudi, zinafunguliwa, anarudishiwa zake mbovu, na zile nzuri zinamngoja mwingine. Pasta Onésime ndiye aliyezipa jina la mashemasi, kwa sababu, alisema, hakuna mtumishi katika kanisa lake anayehudumia watu wengi kiasi kile bila kunung'unika.

“Rigo, mashemasi beko wapi? Alhamisi niko na contrôle.”

“Beko mission Charleroi. Banarudi kesho.”

Watu wanacheka. Hakuna aliyeona ni dhambi. Watu wana watoto, wana kodi za nyumba, wana wazazi kule nyumbani wa kuwatumia chochote, na mipira mipya si mchezo. Mimi pia nilicheka. Lakini zamu ya gari letu ilipofika nilimwambia Rigobert, gari hili linambeba mtoto wangu, mimi sitaki mashemasi.

Alinijibu akiwa amechuchumaa, anakaza nati, bila kuinua kichwa. “Hii haiko ya kanisa. Hii nimenunua, juu ya Précieuse.”

Nilifurahi. Tairi zote ni nyeusi na zote ni mviringo, na juu yake alirudisha vile vifuniko vyetu vya plastiki vya kijivu. Ningejuaje?

Nililipeleka mwenyewe, nikiwa na Précieuse, kwa kuwa ilikuwa likizo ya shule ya Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilipapenda mahali pale. Kila kitu kilikuwa na mpangilio: gari linaingia mlango huu linatokea ule, na katikati mashine zinaliuliza maswali. Walilipandisha juu ya vyuma vinavyozunguka, breki zikapimwa gurudumu kwa gurudumu, na kwenye kioo cha ukutani namba zikawa zinapanda. Précieuse akanisomea kwa sauti kubwa, “Soixante-douze, maman! Tumepita!” Wakaliweka juu ya sahani za chuma zinazotikisa, gari likaanza kutetemeka lote, mtoto akashika tumbo kwa kicheko: “Gari yetu inacheza ndombolo!” Mpimaji mmoja kijana akaingiza kichuma chembamba kwenye mitaro ya tairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Très bons pneus, madame.” Hilo nilielewa bila mkalimani: tairi nzuri sana. Karatasi ya kijani niliikunja, nikaichomeka juu ya kioo mbele yangu, niwe ninaiona.

Mashine zile hazikukosea. Zilisema kweli juu ya mipira ziliyoiona.

Katikati ya juma lililofuata mimi nilikuwa kwenye maombi ya akina mama. Ndugu mmoja alikuwa na contrôle yake kesho yake, akampigia Rigobert. Rigobert, mtu wa watu, hakuweza kukataa. Alishuka chini, akafungua ile minne kwenye gari letu, mashemasi walewale, akafunga ile yetu ya zamani, akarudisha vifuniko vya plastiki, akaosha mikono, akapanda kula. Nakumbuka tulikula sombe, majani ya muhogo. Alisifu chumvi.

Jumamosi tukawa tunakwenda Wavre kwenye harusi ya msichana wa kwaya, mimi na Précieuse. Rigobert angetufuata baada ya kazi. Mvua ilikuwa nyingi. Katika msitu majani yalikuwa yamelala barabarani kama mkeka uliolowa. Mbele yangu gari moja likasimama, sijui kwa nini. Nilikuwa mbali nalo, nafasi ilikuwepo, sikuwa na mwendo. Nikakanyaga breki. Nilikanyaga, mguu wangu mpaka leo unajua kwamba nilikanyaga. Gari halikusikia. Lilielea juu ya maji, likageuka ubavu taratibu kabisa, nikawa naona miti inapita mahali ambapo palipaswa kuwa na barabara. Précieuse alisema, “Maman?” kama mtu anayeuliza kitu kidogo. Upande uliogonga mti ulikuwa wake.

Mimi nilivunjika mkono tu.

Hospitalini Rigobert alikuja mbio na nguo za kazi. Walikuwa wameshamwambia mlangoni. Alinishika kichwa, akalia, na katikati ya kulia akaniuliza, “Gari iko wapi? Polisi walibeba?” Nilidhani ni uchungu unaosema. Mtu mwenye uchungu husema chochote.

Matanga yalifanyika palepale kwenye ukumbi wa kanisa. Maman Zaituni alikaa kwenye godoro chini, kilemba kimefunguka, akawa anasema kwa kila anayeingia, nami nikiwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, mkono kwenye plasta. “Nilimuambia Rigobert. Usipe huyu muke gari. Muntu hakuingia hata darasa moja, anajua nini? Sasa amelisha barabara mutoto wetu.” Wengine waliokuja kumpa pole walinipita mimi. Dada mmoja alinong'ona, sikukosa kusikia, kwamba pengine mtoto alitolewa kafara, pengine mama ana mambo yake. Siku ya tatu nilimpelekea mama mkwe sahani ya wali. Aliifunika kwa kitambaa, akaisogeza kwa kidole kimoja mpaka ukingo wa mkeka. “Peleka. Kwa mukono ule sitakula tena.”

Nilimtazama Rigobert. Alikuwa amesimama mlangoni, anapokea wageni. Alisikia. Alishuka chini kuleta viti.

Kila mtu aliacha pia kuniita Mama Précieuse. Nikawa Sidonie tu, kama msichana.

Majuma yakapita, tukaitwa mimi na yeye kuhojiwa juu ya ajali. Kulikuwa na mtaalamu aliyetumwa na mahakama, mzee mmoja Mbelgiji mpole, na mkalimani, dada wa Kitanzania mwenye Kiswahili cha kupigwa pasi. Mtaalamu alikuwa amepima barabara yote kwa mashine yake ya miguu mitatu, akatuonyesha kwenye kompyuta msitu, barabara, na gari letu limechorwa kwa mistari, linateleza. Akaonyesha kwamba mwendo ulikuwa mdogo. Akaonyesha kwamba breki zilikanyagwa mapema. Halafu akafungua picha za tairi, kubwa, karibu sana. Zilikuwa hazina mitaro kabisa.

Dada mkalimani alisema polepole, “Mama, anasema hizi tairi ubavuni zina namba inayoonyesha zilitengenezwa lini. Ni za zamani sana, kabla hamjafika nchi hii. Na anasema siku chache kabla ya ajali, kituo kilichopima gari lako kilikuta tairi nzuri. Kwa hiyo siyo hizi. Anauliza, nani alizibadilisha?”

Niligeuka kumtazama Rigobert, naye alikuwa anatazama dirisha. Hakukuwa na kitu dirishani, ukuta tu wa matofali. Ndipo nikajua, yote kwa mara moja, hata lile swali la hospitalini.

Nikaomba kwenda kunywa maji. Rigobert akanifuata kwenye korido. Alipiga magoti, mume wangu, mbele ya watu wanaopita na mafaili.

“Sidonie, nisikilize. Dossier yangu ya nationalité, ya uraia, iko juu ya meza yao. Nikipata kesi, bon, imekwisha, imekwisha kwetu wote. Weye hawatakufunga, weye ni mama, umepoteza mutoto. Sema haujui. Ni ile tu naomba.”

“Na mama yako? Na watu wote wanaosema nimeuwa mutoto wangu?”

“Kwa mama nitasema mie mwenyewe. Mbele ya famille. Naapa kwa jina la Précieuse. Weye beba mbele ya juge, mie nitabeba mbele ya mama.”

Nilimtazama pale chini. Nilitaka kumpiga kwa plasta ya mkono wangu. Lakini nilikuwa sina mtu mwingine duniani, na yeye alikuwa baba wa marehemu wangu, na Wazungu kunidhania mjinga halikuwa jambo jipya. Kilichokuwa kinaniua ni ile sahani ya wali. Nikarudi ndani nikasema, sijui. Labda zilibadilishwa mahali, sikumbuki.

Mahakamani jaji alikuwa mwanamke wa rika langu. Alisema dereva ana wajibu wa kujua gari lake liko katika hali gani. Walininyang'anya leseni, na adhabu ya kifungo wakaiahirisha, lakini jina langu likaandikwa. Jaji alinitazama kwa huruma, na nilitamani asingenitazama hivyo.

Kisha nikaanza kungoja.

Pasaka alisema, si leo, mama amefurahi kidogo. Krismasi alisema, mama ana presha, nikimwambia ataanguka. Kila alipokwenda kwa mama yake nilikuwa nakaa karibu na mlango, na akirudi natazama uso wake kabla hajavua viatu. Hapana. Siku ya kumbukumbu ya Précieuse, ndugu wote wamekaa, nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akaomba neno. Akasema, “Napenda kushukuru famille kwa kuja.”

Uraia aliupata. Tulichinjiwa mbuzi. Na kwa karatasi zile mpya, na cheti chake cha ufundi, na rekodi yake safi, akapata kazi ambayo sijui nicheke au nifanye nini nikiitaja: walimwajiri kwenye kituo cha kupima magari. Rigobert. Alipewa koti la kijivu lenye jina lake kifuani. Ikawa ni yeye sasa anayeingiza kichuma chembamba kwenye mitaro ya tairi za watu.

Aliipenda kazi ile. Jioni mezani hakuwa na hadithi nyingine. Kwamba wameweka kamera zinazopiga picha kila gurudumu linapoingia. Kwamba kuna kidude unakichomeka chini ya usukani, gari linakutapikia ubongo wake wote, makosa yake yote. Kwamba magari mapya yana kitu ndani ya tairi yenyewe, upepo ukipungua taa inawaka mbele ya dereva.

“Siku hizi muntu hawezi kutudanganya,” alisema siku moja, mdomo umejaa.

“Hawezi?” nikasema.

Aliacha kutafuna. Kisha akanyanyuka kwenda kuongeza maji kwenye jagi ambalo lilikuwa limejaa.

Mashemasi nao wakafikia mwisho wao. Ndugu mmoja wa kanisa alisimamishwa na polisi barabarani siku mbili baada ya kupita contrôle, mipira yake imekwisha kabisa. Wakaangalia picha za kituo, wakaona haifanani. Ikawa kesi. Pasta Onésime akaogopa, akamwomba Rigobert afundishe kanisa zima Jumapili moja juu ya usalama wa barabara, kwa kuwa yeye sasa ni mtu wa serikali.

Alivaa suti. Aliweka picha ukutani kwa projekta. Alieleza vizuri, siwezi kudanganya, alieleza hata mimi nisiyesoma nikaelewa: maji yanavyokimbilia kwenye mitaro ya tairi, na tairi isiyo na mitaro inavyokosa mahali pa kuyaweka, ikaelea. Nilikuwa nimekaa safu ya nne. Kila neno alilosema nilikuwa nimeshalipitia kwa mwili wangu. Kisha akaweka maikrofoni karibu na mdomo, akashusha sauti.

“Batu ya Mungu. Kuna famille moja ninajua. Walibadilisha mipira baada ya contrôle. Mama wa watu alikuwa anaendesha, hakujua kitu. Hakuwa na kosa lolote, yule mama. Mutoto akafa.”

“Yesu!” watu wakasema. Kina mama wakaguna. Na mwanamke aliye mbele yangu, yuleyule aliyenong'ona kwenye matanga kwamba mtoto alitolewa, akafuta machozi kwa ajili ya mama wa watu.

Nikasimama.

“Rigobert,” nikasema, “sema ni mama gani.”

Yeye akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

“Sema jina lake. Na sema nani alitoa mipira.”

“Sidonie,” akasema, na maikrofoni ikaitoa sauti yake kubwa, laini. “Keti, tafadhali. Tutaongea nyumbani.”

Mpiga kinanda ana akili ya haraka. Akaona hali si nzuri, akaanza kupiga taratibu, kwaya ikadaka, na watu wote wakaimba. Wimbo wa kumshukuru Mungu kwa ulinzi wake. Nilibaki nimesimama. Ulipoisha wakaanzisha mwingine. Niliita tena, mdomo wangu ukifunguka ndani ya kelele ile, na dada wawili wa mapokezi wakanishika mabega kwa upole, kama mgonjwa.

Mtu mmoja tu hakuimba. Maman Zaituni.

Ibada ilipokwisha alikuja na fimbo yake mpaka kwenye korido ya kuvalia makoti, ambako Rigobert alikuwa anapewa mikono ya pongezi. Watu wakampisha. Mimi nilikuwa ukutani.

“Rigo. Ni famille gani?”

“Maman, twende kwanza tukule—”

“Nimekuuliza. Ni weye ulitoa mipira ya gari ya mutoto?”

Watu walikuwa wengi, nusu ya kanisa, pasta mwenyewe, yule mnong'onaji. Hakukuwa na dirisha la kutazama. Rigobert alishusha mabega, akasema kwa sauti ndogo lakini kila mtu aliisikia:

“Ndiyo, maman. Ni mie. Sidonie hakujua. Ni mie.”

Hilo ndilo neno. Lilikuwa limefika, mbele ya mama yake, mbele ya watu, kama alivyoapa. Nilijitenga na ukuta. Nilikuwa najua kabisa kitakachofuata, nilikuwa nimekiona kichwani mara nyingi nikipiga deki kule kwa wazee: Maman Zaituni atageuka, atanitafuta kwa macho, ataniita.

Fimbo yake ilianguka. Alinyoosha mikono yote miwili, akamvuta mwanawe, akakilaza kichwa chake kifuani pake.

“Mutoto wangu,” akasema. “Mutoto wangu maskini. Na hii yote ulibeba weye peke yako?”

Rigobert akalia kwa sauti, lile jitu zima, suti inapanda mgongoni. Kina mama wakamzunguka na vitambaa. Pasta Onésime akaweka mkono juu ya kichwa chake, akasema Mungu amemfungua ndugu yetu leo, na watu wakasema amina, na mwanamke yule mnong'onaji naye akalia safari hii hata kuliko kule ndani. Mwanamume mmoja alisema ni ujasiri mkubwa.

Maman Zaituni akanitazama juu ya bega la mwanawe. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakuwa na ukali tena.

“Sidonie,” akasema. “Muletee maji.”

Nilikwenda jikoni. Nilijaza glasi, nikarudi, nikaiweka mkononi mwa pasta kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Kisha nikachukua koti langu kati ya makoti ya watu na nikashuka ngazi. Nje kulikuwa na jua la baridi. Nilitembea mpaka metro, nikakaa, na kituo cha kwetu kilipofika sikushuka.